Baruti ya Ruvu, Mvuke wa Olkaria

Ukitoka Bagamoyo mjini leo kuelekea Saadani, huoni hata mkuza mmoja kati ya ile tuliyoifyeka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vichaka vimerudi, mashamba yamepanuka, na mahali tulipopiga kambi karibu na Makurunge pana nyumba za bati. Wengi tuliofanya nao kazi wametangulia mbele ya haki. Naandika kwa sababu tuliitetemesha ardhi hii kwa baruti, kutoka bonde la Ruvu hadi Wami, na wenyeji wengi mpaka leo hawajaambiwa tulikuta nini. Kazi ya namna hiyo sasa inafanyika kwenye nchi ya volkano, kule Rungwe na Mbeya, safari hii kwa ajili ya jotoardhi, yaani mvuke wa ardhini wa kufua umeme. Vijana wa huko wanabeba nyaya kama tulivyobeba sisi, na nina neno la kuwaambia wanaowaajiri.

Kazi ilikuja kwa tangazo la katibu kata. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na nchi ilikuwa imechoka. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kugawiwa, na petroli ilikuwa adimu kiasi kwamba magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Gesi ilikwisha kuonekana Songo Songo mwaka 1974, lakini ilikuwa imelala huko huko chini, hakuna bomba wala mtambo. Mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya utafutaji na uzalishaji wa petroli, makampuni ya kigeni yakaja kuomba vitalu, na shirika letu la TPDC, lililoundwa mwaka 1969, ndilo lililosimama kwa niaba ya nchi. Hawakuwa wa kwanza. Miaka ya 1950 BP na Shell walichoronga Mafia, kisha Zanzibar, na baadaye Pemba, wakafika kina cha maelfu ya mita na kuondoka bila mafuta ya kuuza.

Tulioajiriwa tulikuwa Wakwere, Wazaramo, Wadoe na Wazigua, pamoja na wavuvi wachache kutoka Dunda walioona samaki wamepungua. Kundi la kwanza lilifyeka kwa panga, na palipokuwa na pori zito tingatinga lilitangulia. Nyuma yao walikuja wapimaji na mambo zao zenye vitambaa vyekundu, kisha wachorongaji wa mashimo ya baruti, kisha sisi wa nyaya, na mwisho gari la kurekodi, ambalo ndani yake palikuwa na baridi na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na miguu yenye mchanga.

Watu hudhani kutafuta mafuta au mvuke ni kuchoronga. Kuchoronga ni hatua ya mwisho, na ndiyo ghali kuliko zote. Kwanza inabidi ujue huko chini kukoje, na njia mojawapo ya kujua ni mtetemo. Unalipua baruti kidogo ndani ya shimo. Mtetemo unashuka, na kila unapokutana na tabaka jipya la mwamba, sehemu yake inarudi juu. Ukipima umechukua muda gani kwenda na kurudi, nao ni muda wa sekunde chache tu, na ukajua mwendo wake ndani ya mwamba ule, unapata kina. Majini mtetemo unakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye mchanga na udongo wa Pwani ulioshiba maji unazidi hapo kidogo. Kwenye mwamba mgumu wa kale, ule unaopasuliwa kokoto kule Lugoba, unafika mita 5,000 na zaidi. Kutokana na tofauti hizo ndipo picha inapochorwa.

Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa na shamba la minazi upande wa mto, alilielewa jambo hili upesi kuliko vijana wenzangu. Nilipomweleza aliokota nazi, akaigonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio, akaniambia, "Kumbe na nyie mnagonga, mjukuu wangu." Tangu siku ile sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Kifaa chetu sisi watu wa nyaya kilikuwa jiofoni. Ni kidude kinachoenea kiganjani, chenye mwiba wa chuma chini. Ndani mna sumaku, na mna koili ya waya mwembamba iliyoning'inizwa kwenye springi. Ardhi ikitikisika, sumaku inakwenda pamoja na ardhi, koili inabaki nyuma, na tofauti hiyo inazaa umeme mdogo sana unaosafiri kwenye waya mpaka garini. Sharti lake kubwa ni mwiba ushike udongo. Kwenye mchanga mkavu wa ufukweni haushiki, kwa hiyo tulifukua kwa mkono mpaka tukafikia unyevu, tukaukita, tukaukanyaga kwa kisigino. Kwenye mikoko tulitembea na tope mpaka magotini, tukitafuta mahali pagumu kati ya mizizi. Jiofoni ikikaa upande, garini wanaiona mara moja, na nyapara anakuja na jina lako mdomoni.

Adui mkubwa alikuwa upepo. Kusi ikianza kuvuma mchana, minazi inayumba, mizizi inautikisa udongo, na mistari kwenye karatasi inachafuka yote. Mawimbi ya bahari nayo yanasikika kwenye mashine hata ukiwa mbali na pwani. Basi tuliamka alfajiri tuwahi utulivu. Kabla ya kulipua, filimbi inapigwa na kila mtu anasimama pale pale alipo, hata mpita njia. Nilimwona mama mmoja kwenye njia ya Makurunge, mtoto mgongoni na ndoo ya maji kichwani, amesimama kimya akisubiri, kwa kuwa tulimwomba. Baruti ikalia chini kwa chini, udongo ukaruka kidogo mdomoni mwa shimo, yule mama akatuuliza, "Sasa naweza kwenda, wanangu?" Hakuuliza tunatafuta nini. Alikuwa amekwisha kusikia jibu la mtaani, kwamba tunafukua hazina ya Mjerumani. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na habari za rupia zilizofukiwa zimeishi hapa kizazi baada ya kizazi. Uvumi ule ulituganda kwa sababu hakuna aliyesimama kijijini na kuwaeleza watu ukweli.

Karibu na Wami mstari wa ramani ulipita katikati ya mbuyu wa mzimu. Mzee aliyeutunza alikuja kambini asubuhi, tukampa shikamoo, tukamtolea kiti. Akasema, "Wanangu, ardhi ni ya serikali, sibishi. Lakini hapa pana wenyewe." Mpimaji, kijana wa Kizungu, alitaka kubishana. Nyapara wetu, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi bandarini, alimvuta pembeni, akamwambia shimo lisogezwe. Na shimo husogezwa. Unachoronga pembeni, unaandika kwenye daftari limesogea mita ngapi na upande gani, hesabu zinarekebishwa baadaye, na picha haiharibiki. Kesho yake mzee alituletea asali ya nyuki wa porini, akatuonyesha kivuko kisicho na viboko. Kivuko kile kilituokolea muda mwingi kuliko uliopotea kwa kusogeza shimo.

Minazi ya bibi yangu haikupata bahati hiyo. Tingatinga lilipita shambani, likaangusha mingi iliyokuwa ikizaa. Karani wa kampuni aliandika idadi kwenye daftari, bibi akabonyeza dole gumba. Fidia iliyokuja ilikuwa ya minazi michache, tena ya bei ya miche. Bibi alifuatilia mpaka akachoka, na kampuni ilipofunga kambi hakuwa na mlango wa kubisha. Mnazi uliokomaa ni mafuta, ni chakula, ni makuti ya paa na ni ada ya shule, na mwingine mpaka uanze kuzaa inapita miaka. Alikufa akiwa bado anawataja watu wa kampuni.

Jioni moja, kabla ya kuhama, mhandisi wa gari la kurekodi alitandaza karatasi ndefu juu ya boneti ya Land Rover akatuita tuione. Lilikuwa jambo la hiari yake na namshukuru mpaka leo. Tuliona mamia ya mistari myembamba iliyopinda pamoja, giza kwa mwanga, ikiteremka kuelekea baharini. Akatuonyesha kwa kidole: huu ni udongo wa mfinyanzi, hii huenda ni chokaa, hapa pana mpasuko, na upande wa bara matabaka ni membamba, lakini kadiri unavyoisogelea bahari yanazidi kuwa mazito, kilomita juu ya kilomita. Nilikuwa nimevuka Ruvu tangu utotoni, na sikujua kwamba chini yangu pana bahari za zamani zilizolundikana vile. Kisha kanda za sumaku zikafungwa kwenye masanduku ya chuma, zikapelekwa Ulaya kwenye kompyuta. Sisi tulipewa mshahara wa mwisho.

Mapema mwaka 2016, zaidi ya miaka thelathini baadaye, redio ilitangaza kwamba gesi imegunduliwa kwenye kitalu cha Ruvu, futi za ujazo trilioni 2.17. Sisemi mikuza yetu ndiyo iliyoipata. Walikuja wengine na vifaa bora, wakapima upya. Lakini utafutaji ni kazi ya kupokezana, na anayekuja nyuma huanza na karatasi za aliyetangulia.

Mtetemo wa nchi ya volkano niliujua Kenya. Nilikwenda kutafuta maisha mwishoni mwa miaka ya 1980, nikafikia kwa shemeji yangu Naivasha, fundi wa boti. Mapema mwaka 1990 wakaja watu wa mradi wa KRISP, wanasayansi wa vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani na Kenya waliokuwa wakilichunguza Bonde la Ufa tangu mwaka 1985. Walihitaji vibarua. Niliposema nimewahi kukita jiofoni, nikachukuliwa siku ile ile.

Kipimo chao kilinishangaza. Pwani tulilipua baruti na kusikiliza ndani ya kilomita chache. Hawa walitumbukiza baruti kwenye maziwa, Turkana, Baringo, Naivasha, hadi Victoria, na mashine zikatandazwa kwa mamia ya kilomita. Maji hupeleka mtetemo vizuri kuliko shimo la ardhini, na mlipuko wa Turkana ulikuwa usikike huku kusini. Nilipangwa na kijana wa Nakuru upande wa Gilgil. Tulifukia kipima mitetemo kwenye majivu ya volkano, laini kuliko unga wa sembe, tukaunganisha kisanduku ambacho saa iliyopangwa ikifika kinajiwasha chenyewe. Hatukusikia mlipuko wowote. Kisanduku ndicho kilichousikia. Matokeo yalipochapishwa, yalionyesha kwamba ganda la dunia chini ya Naivasha lina unene wa kama kilomita 35, na chini ya Turkana kama kilomita 20 tu. Ardhi ya kaskazini imevutika ikawa nyembamba, na mwamba wa moto ulio chini umepanda.

Hawakuwa wakitafuta mvuke, lakini mvuke ulikuwa jirani. Uchorongaji wa kwanza Olkaria ulianza mwaka 1956, visima viwili vikakosa kutoa cha maana, kazi ikasimama. Ikafufuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Kufikia mwaka 1985 zilikuwa 45. Shemeji alinipeleka kuona. Kisima kilichofunguliwa kwa majaribio kinanguruma kiasi kwamba maneno ya mtu aliye kando yako huyasikii, na ardhi inatikisika chini ya soli za viatu bila kukoma. Nikawaza wangeweza vipi kutumia jiofoni mahali ambapo ardhi yenyewe haitulii.

Fundi mmoja wa Kikamba wa pale alinijibu vizuri. "Ndugu yangu," alisema, "huku ukilipua baruti, lava inakurudishia fujo." Pwani matabaka yamelala kwa utaratibu, mchanga juu ya chokaa, chokaa juu ya udongo. Kwenye volkano lava ngumu imelalia majivu laini, majivu yamelalia lava nyingine iliyovunjika, na mtetemo unaoshuka unatawanyika au kumezwa kabla haujafika mbali. Ndiyo sababu watafutaji wa jotoardhi hutegemea zaidi vipimo vya umeme wa ardhini, na kwa upande wa mitetemo huacha baruti wakasikiliza vitetemeko vya nchi yenyewe. Kila siku miamba ya Olkaria inapasuka kidogo kidogo, mpasuko ambao binadamu hausikii. Ukizungushia eneo vipima mitetemo, ukapata kila kitetemeko kimetokea wapi na kwa kina gani, vikishapangwa kwenye ramani vinakuonyesha nyufa, na nyufa ndizo njia za maji ya moto. Vinakuonyesha na moto wenyewe. Mwamba ulio baridi hupasuka, ulio moto sana hulegea na kupinda, kwa hiyo mahali vitetemeko vinapokoma kwa ghafla ukishuka chini, hapo joto limeanza kutawala. Tena kuna aina ya mtetemo isiyopita ndani ya kitu cha majimaji. Ikipotea njiani, unajua imekutana na nini.

Wakenya wenyewe waliikuza elimu hiyo. Silas Simiyu, mwanajiofizikia wa Kenya, alichapisha pamoja na Randy Keller wa KRISP utafiti wa vitetemeko vya Olkaria mwaka 2000, na baadaye akaongoza GDC, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 2008 kuendeleza jotoardhi. Leo zaidi ya theluthi ya umeme wa Kenya unatoka kwenye mvuke. Ukame ulipotukaushia bwawa la umeme la Mtera miaka ya 1990 na tena mwaka 2006, na sisi tukawa gizani kwa mgawo, nilikuwa nikiwaza ile ngurumo ya Olkaria. Mvua haiihusu.

Kwetu Tanzania chemchemi za moto zinajulikana tangu zamani. Kampuni ya SWECO ya Sweden ilizipitia kati ya mwaka 1976 na 1979, kipindi kile kile Kenya ilipokuwa ikijiandaa kujenga. Wao waliendelea, sisi tuliweka ripoti kabatini. Ndivyo ninavyoona, na sijasikia sababu ya kunitosheleza. Kati ya mwaka 2006 na 2009 wataalamu wa Ujerumani na wa taasisi yetu ya jiolojia walirudi Mbeya, wakapima Songwe na mlima Ngozi wenye ziwa ndani ya kreta, na makadirio yao yalisema maji ya chini ya Ngozi yanazidi nyuzi 200. Mwaka 2013 ikaundwa TGDC, kampuni yetu ya jotoardhi, chini ya shirika la umeme, TANESCO. Miaka hiyo hiyo vipima mitetemo vilifukiwa kuzunguka kaskazini ya Ziwa Nyasa na Rungwe, baada ya matetemeko ya Karonga ya Desemba 2009. Kiejo-Mbaka, huko huko mkoani Mbeya, nako vimechorongwa visima vyembamba vya majaribio.

Nilifika Songwe nikiwa nimestaafu. Maji yanatoka ya moto sana, na juu yake pamejengeka jiwe jeupe lililoachwa na maji hayo hayo kwa maelfu ya miaka. Mwenyeji mmoja aliniambia wameona magari mengi yakija na kuondoka. Nikamwuliza waliwaambia wamepata nini. Akatikisa kichwa.

Na sisi watu wa Pwani tusidhani jotoardhi ni la nchi ya milima tu. Kule Luhoi, Rufiji, ndani ya mkoa wetu wa Pwani, maji ya moto yanabubujika mahali pasipo na volkano. Pale joto linapanda kutoka kina kirefu kupitia mipasuko kwenye matabaka yale yale ya mchanga na chokaa niliyoonyeshwa juu ya boneti. Hiyo ndiyo ardhi ambayo mtetemo wa kupiga na kurudi unaisoma vizuri, na tangu miaka ya 1950 Pwani imepimwa na watafuta mafuta mara nyingi. Karatasi na kanda zile ni mali ya taifa. Ziokolewe, zinakiliwe kabla hazijaoza, na wanafunzi wetu wa jiofizikia wapewe wazisome upya kwa macho ya jotoardhi. Itagharimu fedha ndogo ukilinganisha na kisima kimoja kilichochorongwa mahali pasipofaa.

Ombi langu kwa wanaopima Ngozi, Kiejo-Mbaka, Songwe na Luhoi ni hili. Kabla ya kufyeka, kaeni na wazee mwaeleze mnatafuta nini, kwa Kiswahili cha kueleweka. Mti wenye wenyewe usogezeeni shimo. Mazao yahesabiwe mbele ya mwenye shamba, alipwe kabla tingatinga halijawashwa, na nakala ya hesabu abaki nayo mkononi. Na mkimaliza, hata kama hamkupata kitu, rudini kijijini mtandaze karatasi watu waone. Waliosimama kimya mlipopiga filimbi wana haki ya kujua mlisikia nini.